Jike Mwenye Mayai Harushwi

TAFIDA: Haloo! Sema upesi, mkono mmoja una mtama, mwingine una njiwa. Nani wewe?

MITWALI: Asalaam aleikum, Hajjati. Naongea na Hajjati Tafida, mjane wa marehemu Bayumi?

TAFIDA: Waaleikum salaam. Mjane wa Bayumi ndiyo kazi yangu siku hizi? Nimekuuliza wewe nani.

MITWALI: Naitwa Mitwali. Mitwali Abdulshafi. Namba yako nilipewa na Saadiya, fundi cherehani. Alisema alishakudokeza kuhusu... yaani, mambo ya heri.

TAFIDA: Mambo ya ndoa.

MITWALI: Mambo ya heri.

TAFIDA: Saadiya alinidokeza kabla ya Ramadhani. Ramadhani imepita, Idi imepita, vileja vya Idi vimeliwa mpaka vumbi lake. Namba yangu imelala mfukoni mwako muda wote huo, halafu leo, saa kumi alasiri, ndiyo upweke umekushika?

MITWALI: Moyo hautazami saa, Hajjati.

TAFIDA: Nyoo! [Si kwenye simu] Tulia, we mama. Tulia, usinikwaruze.

MITWALI: ...Unaongea na nani?

TAFIDA: Na mgeni wangu. Ameteremka paani kwangu leo asubuhi pamoja na kundi langu. Mweupe, kifua rangi ya moshi, uzi mwekundu mguuni. Nimemshika kwa mkono hivi hivi, bila wavu.

MITWALI: [Anakohoa] Aha.

TAFIDA: Vipi, unamjua?

MITWALI: Mimi? Mimi na njiwa wapi na wapi, Hajjati! Nilikuwa karani idara ya maji miaka thelathini na moja. Mtu wa kalamu.

TAFIDA: Mtu wa kalamu. Haya, jitambulishe, mtu wa kalamu. Mimi huku naendelea na kazi yangu. Natafuta mkasi.

MITWALI: Mkasi wa nini?

TAFIDA: Wa uzi. Nimfunge bawa mgeni asije akanitoroka. Jitambulishe.

MITWALI: Kwani lazima umfunge sasa hivi? Yaani... nisikilize kwanza kwa utulivu.

TAFIDA: Masikio hayamo mikononi. Sema.

MITWALI: Ehem. Mimi ni mtu wa umri wa miaka sitini na tatu, mjane, mwenye afya njema na meno yangu mengi. Mambo ninayoyapenda wakati wa mapumziko ni kusoma, kusikiliza redio, na matembezi ya jioni kandokando ya mto—

TAFIDA: Unasoma.

MITWALI: Ndiyo, napenda sana kusoma.

TAFIDA: Nasema unasoma sasa hivi. Nasikia karatasi. Nani kakuandikia, Saadiya?

MITWALI: Hapana... binti yangu alinisaidia mpangilio.

TAFIDA: Mwanaume wa miaka sitini na tatu hajui anapenda nini mpaka aandikiwe na binti yake. Na hayo unayoyasoma ni nini?

MITWALI: Magazeti.

TAFIDA: Ukurasa gani?

MITWALI: ...Wa matangazo ya vifo.

TAFIDA: Afadhali. Hilo moja nimeliamini. Na matembezi kandokando ya mto? Mimi naishi mtaa wa tatu kutoka kwako, Mitwali. Sijawahi kukuona ukitembea kwenda popote isipokuwa kupanda ngazi.

MITWALI: Unanifahamu?

TAFIDA: Endelea na karatasi yako. Unamheshimu nani? Binti kama huyo hakosi kukuandikia mtu unayemheshimu.

MITWALI: Ameandika, ndiyo. Mtu ninayemheshimu kuliko wote maishani ni mjomba wangu, marehemu Hakimu Rushdi, aliyekuwa mfano wa ukweli na uadilifu katika—

TAFIDA: Mjomba wako hakimu! [Anacheka] Mungu amrehemu. Hebu niambie, mjomba wako alikuwa anapokea ushahidi wa warusha njiwa? Maana babu yangu alikuwa akisema mrusha njiwa akiingia mahakamani hakimu anafunga daftari. Mtu ambaye kila siku anaapa njiwa wa jirani ni wake, utamwamini kwenye kesi ya urithi?

MITWALI: Hayo... hayo ni maneno ya zamani. Mtandao unakwaruza, Hajjati, sikusikii vizuri.

TAFIDA: Unanisikia kama adhana. Ruka huyo mjomba. Rangi unayoipenda?

MITWALI: Bluu.

TAFIDA: Bluu ya nini?

MITWALI: Ya mbingu.

TAFIDA: Mbingu tupu au yenye kitu ndani?

MITWALI: ...Hajjati, mkasi umeshaupata?

TAFIDA: Nimeupata. Uzi ndio siuoni. Macho haya! Mwanaume mmoja wa mtaa wa tatu ana mnara wa njiwa juu ya paa, mbao zote kazipaka bluu, unaonekana mpaka makaburini. Huyo naye lazima anapenda bluu ya mbingu. Endelea. Chakula?

MITWALI: Chakula... hapa ameandika bamia, lakini mimi mwenyewe, ukweli wangu, kuliko vyote, napenda—

TAFIDA: Ehe?

MITWALI: Napenda njiwa. Njiwa aliyejazwa ngano mbichi, akachomwa, akawekwa mezani anavuja samli. Hapo unaona, Hajjati, mimi njiwa namjua sahanini tu.

TAFIDA: Rudia.

MITWALI: Njiwa wa kujazwa.

TAFIDA: Ama kweli Saadiya hakunidanganya, tumeumbiwa sahani moja! Basi kumekucha. Njoo kesho baada ya swala ya adhuhuri. Huyu mgeni wangu ni mnene, kifua kimejaa. Sina haja ya uzi tena. Naweka sufuria jikoni, nampeleka chini sasa hivi nikamch—

MITWALI: Hapana!

TAFIDA: Hapana nini?

MITWALI: Hapana, usi... Hajjati, kwa haki ya Mtume, weka hicho kisu!

TAFIDA: Ni mkasi.

MITWALI: Weka chochote ulichoshika! Huyo ana mayai!

TAFIDA: Enhee.

MITWALI: Ana mayai mawili kwangu. Siku ya kumi na saba leo. Ni wangu, Hajjati. Jike langu. Uzi mwekundu nimeufunga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

TAFIDA: Enhee! Karatasi imeishia hapo, au binti ameandika na hilo?

MITWALI: Nicheke, unayo haki.

TAFIDA: Sicheki. Mimi nikicheka unasikia. Nilimtambua tangu yuko juu, Mitwali. Ndege wako wanapiga mbawa kwa pupa, kama watu wanaokimbilia mkate. Nilichokuwa nangoja ni kuona mwenyewe ataingilia mlango gani. Nikasema atamtuma mtu wa kahawani. Nikasema labda atakaa kimya kama mwanaume, apoteze. Kumbe anakuja kuniposa! Unanichukua mimi mahari ya njiwa?

MITWALI: Nilikuwa nataka kukupigia tangu zamani, wallahi—

TAFIDA: Usiape, tumeshaongelea viapo vya watu wa aina yako.

MITWALI: Ningeombaje? Wewe unajua desturi. Ndege akishuka paa la mwingine ni wa aliyemshika, haombwi. Nikiomba, kesho sina pa kuweka uso.

TAFIDA: Kwa hiyo uso wako ukauficha nyuma ya uso wa mjomba hakimu. Sasa niambie. Jike ana mayai ya siku kumi na saba. Dume kalalia tangu asubuhi. Jike mwenye mayai harushwi na kundi, hata mtoto wa muuza makaa analijua hilo. Anafunguliwa anywe, anyooshe mbawa, arudi. Huyu alikuwa juu kabisa, anazungushwa. Nani alimrusha? Salio ni lako, mimi sina haraka.

MITWALI: Mimi.

TAFIDA: Kwa nini?

MITWALI: Vijana wa kahawani walikuwa wanatazama. Yule Handusa alisema kundi langu limezeeka, halina ndege anayepasua juu. Na huyo... hakuna anayepanda kama huyo. Nikasema mzunguko mmoja tu.

TAFIDA: Mzunguko mmoja.

MITWALI: Mmoja tu, Hajjati. Halafu la kwako likainuka, makundi yakachanganyika, yalipoachana nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikajua.

TAFIDA: Umemtoa mzazi kwenye mayai ili Handusa, mtu anayekunywa chai ya mkopo tangu aoe, aseme "aha".

MITWALI: Nitukane baadaye. Dume ameshasimama. Zamu yake imekwisha, wewe unajua, alasiri anampisha mkewe. Amekaa ukingoni mwa kiota anaita. Anaita, anatazama juu, anaita. Halali tena. Nimejaribu kumrudisha, ananidonoa. Na yai moja, Hajjati... nimeliweka sikioni. Mna mtu anagonga ndani.

TAFIDA: Anagonga?

MITWALI: Anagonga. Polepole. Jua likizama na baridi hii ya paani, hawafiki asubuhi. Mfungulie tu. Usimfunge bawa. Ukimwachia sasa hivi, kabla sijafunga mdomo atakuwa yuko kwangu.

TAFIDA: Sijawahi kurudisha ndege.

MITWALI: Bayumi angerudisha.

TAFIDA: Nani?

MITWALI: Marehemu. Umeniuliza namheshimu nani, nikakusomea upuuzi. Nikuambie sasa bila karatasi. Yeye. Miaka ishirini nilikuwa naweka kiti changu kuelekea paa lenu. Sikuwa naangalia ndege wangu, naangalia wake. Ile siku ya upepo wa vumbi, mbingu imekuwa kama tofali, kila mtu mtaani amepoteza kundi, mimi nimepoteza tisa. Bayumi alikuwa na ndege sitini juu. Akasimama katikati ya paa na ile bendera yake, ukatoka mluzi mmoja. Mmoja tu. Wakashuka wote sitini kama mtu anakunja shuka. Mimi nililia. Mtu mzima, nimekaa kwenye kiti na vumbi mdomoni, nalia.

TAFIDA: Bayumi.

MITWALI: Mungu amrehemu. Hakuna fundi kama yule mji huu mzima.

TAFIDA: Mitwali, wewe ulikuwa na macho miaka hiyo?

MITWALI: Nilikuwa nayo.

TAFIDA: Bayumi aling'oka meno ya mbele akiwa na miaka arobaini. Yote manne, alipoanguka amebeba tofali la barafu. Alikuwa hawezi hata kupuliza chai ikapoa. Sasa mtu asiye na meno ya mbele, mluzi atautolea wapi? Na kamba ya nguo ilikuwa upande gani wa paa?

MITWALI: ...Nyuma. Nyuma ya banda. Kila siku kulikuwa na shuka zimeanikwa.

TAFIDA: Kila siku. Nyumba ya watu wawili, shuka zinafuliwa kila siku, hukujiuliza? Siku ya vumbi vilevile, mtu na akili zake aanike shuka?

MITWALI: Hajjati...

TAFIDA: Bendera ilikuwa ya Bayumi. Alipenda kusimama kama nahodha, nikamwachia. Mwanamke apunge bendera juani mtaa mzima unamtazama, ningesikia maneno mpaka kaburini. Lakini ndege hawajui bendera ni nini, wanajua mluzi wa nyuma ya shuka. Subiri. Weka simu mbali na sikio.

MITWALI: Kwa nini nii—

TAFIDA: [Mluzi]

MITWALI: [Mtandao unakwaruza]

TAFIDA: Haloo? Umekufa?

MITWALI: Mluzi umekuja mara mbili. Kwenye simu, halafu juu ya mapaa. Ndege wangu wote wamegeuza shingo upande wenu. Wangu mimi, Hajjati! Nimewalisha mimi!

TAFIDA: Umewalisha, hukuwafundisha. Miaka ishirini umeweka kiti, ukatazama kitambaa.

MITWALI: Nisamehe.

TAFIDA: Msamaha wako nitaufanyia nini, nitaulisha njiwa? Jike simwachii.

MITWALI: Hata sasa?

TAFIDA: Hata sasa ndiyo zaidi. Nikimwachia, kesho Handusa atasema neno lingine, utamrusha tena. Nakujua sasa, umejitambulisha vizuri sana. Nisikilize, maana jua halikungoji. Nina jozi ya kahawia, wamelalia mayai yasiyo na kitu. Wameanza sawa na wako, labda wamepishana siku. Leo nilikuwa niyatupe. Niletee yako, nitayaweka chini yao. Hawatajua, na maziwa ya vifaranga wameshaanza kuyajaza kooni.

MITWALI: Nikuletee? Mimi? Kwa miguu?

TAFIDA: Ulitaka yaje kwa mbawa?

MITWALI: Nitapita wapi? Mlango wangu unatokea kahawani. Wote wako pale, Handusa yuko pale, ndio wanaanza kete. Watauliza umebeba nini, unakwenda wapi. Mitwali anampelekea mjane mayai! Mwaka mzima nitakuwa wimbo. Nizunguke nyuma, kwa muuza makaa—

TAFIDA: Nyuma ni robo saa. Yatapoa. Mbele ni dakika nne.

MITWALI: Dakika nne mbele ya watu hao ni miaka minne.

TAFIDA: Basi kaa. Tena una kiti. Kiweke karibu na kiota usikilize kugonga, mpaka kutakapokoma.

MITWALI: Hajjati, na kingine. Vifaranga wakianguliwa kwako, wakaota manyoya kwako... paa watakalolijua ni lako.

TAFIDA: Ehe.

MITWALI: Hata nikiwachukua wakubwa, nikiwafungua tu watarudi kwako.

TAFIDA: Loo! Karani wa maji amepiga hesabu.

MITWALI: Kwa hiyo nimepoteza jike, na watoto wake pia. Nawaleta kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya Handusa.

TAFIDA: Hawa si nguo zako, Mitwali. Wakiishi wataishi kwangu. Wakifa watafia kwako. Chagua, na uchague upesi, salio lako limeanza kulia hata mimi nalisikia.

MITWALI: [Sauti ya njiwa dume akiita, karibu na simu]

TAFIDA: Huyo ndiye?

MITWALI: Huyo.

TAFIDA: Bado yuko ukingoni?

MITWALI: Bado. [Anavuta pumzi] Niyabebeje? Kikapuni na pamba?

TAFIDA: Pamba haina joto, pamba inangoja ipewe. Yaweke kifuani, chini ya fulana, ngozi kwa ngozi. Vifungo funga vyote. Wewe ndiye mama sasa, mpaka mlangoni kwangu.

MITWALI: Ngoja... ngoja kidogo... ananidonoa huyu... Tayari moja. Bismillahi. Yana joto bado! Mawili. Moja linagonga kwenye mbavu zangu, Hajjati. Nalisikia kwa ndani!

TAFIDA: Usinisimulie, tembea. Usikimbie. Usisalimie mtu. Ukiitwa, usigeuke ghafla.

MITWALI: Nitawaambia nini?

TAFIDA: Waambie unapeleka mayai kwa fundi. Litawaingia au lisiwaingie, shauri yao.

MITWALI: Na nikitaka kuwaona? Vifaranga. Baadaye.

TAFIDA: Mtu akitaka kuona, anapanda ngazi. Si unazijua ngazi? Ila usije na karatasi wala suti. Mtu asiye na kinyesi cha njiwa begani simfungulii.

MITWALI: Naondoka. Siwezi kushika simu, mikono yote miwili iko—

TAFIDA: Basi kata, mjinga wewe! Na ukifika, polepole kwenye ngazi zangu, ile ya nne kutoka chini haina—

[Simu imekatika]

TAFIDA: Mitwali? Haloo? Ya nne, nasema! Haloo! ...Mwanaume huyu! Haya magoti, inukeni. Tushuke tumngoje mlangoni.